Somo: Kuseti tapeti (nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma) na kukagua bomba la oili kwenye BMW M30 ya lita 3.5

Somo hili ni la wenye BMW M30B35, injini iliyokaa kwenye 535i ya E34, 735i ya E32 (E34 na E32 ni namba za bodi za BMW) na 635CSi za mwisho. Ukoo wa M30 ulianza 1968 kwenye sedani za 2500 na 2800, na mpangilio haukubadilika sana mpaka miaka ya 1990: silinda sita za mstari, bloku ya chuma cha kusubu, silinda hedi ya aluminiamu, kamshafti moja juu, valvu 12, na taimingi cheni. Hakuna taimingi belti ya kuhofia kukatika. Hii ya 3.5 ina ujazo wa cc 3430, pistoni za kipenyo cha mm 92 na mwendo wa mm 86. Ile yenye katalisti (kisafisha moshi cha egzosi) hutoa nguvu ya farasi 211 kwa mizunguko 5,700, na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 305 kwa mizunguko 4,000.

Sehemu ya chini ya injini hii, yaani kranki, maberingi na pistoni, haisumbui ikipewa oili safi. Matatizo yake yako juu. Kamshafti hulainishwa na bomba jembamba lililolala juu yake, lenye vitundu vinavyomwagia oili kila nundu, yaani uvimbe wa kamshafti unaofungua valvu. Bomba hilo limeshikwa na boliti, na ile yenye tundu ndani ndiyo inayopitisha oili. Ikilegea, oili inavujia pale pale kwenye boliti, vitundu vinapata kidogo, na nundu zinaanza kuliwa kimyakimya. Ndiyo maana kuseti tapeti bila kugusa boliti za bomba ni kazi nusu.

Fanya kazi hii kila kilomita 25,000 hivi, au mapema ukisikia tik-tik inayopanda na mizunguko ya injini.

Vifaa: fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya mm 0.30, spana ya 10, waya mgumu wa unene wa mm 2.5 uliopindwa ncha, soketi ya plagi, toki renchi ndogo, gasketi mpya ya kofia ya tapeti (kifuniko cha juu ya hedi), na washa mpya (ringi bapa za kuzibia) za boliti ya bomba la oili.

1. Acha injini ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku mzima. Mm 0.30 ni kipimo cha injini baridi, kwa valvu za kuingiza na za kutoa sawasawa. Kipo kipimo cha injini ya moto, mm 0.35, lakini hedi ya aluminiamu hupoa wakati wewe bado unahangaika na silinda ya tatu, na vipimo vinakuwa havilingani.

2. Toa plagi zote sita ili injini izunguke kwa wepesi. Fungua kofia ya tapeti. Kabla ya kugusa chochote, pitisha tochi juu ya nundu zote. Nundu nzima inang'aa kama kioo. Ikiwa na mistari unayoihisi kwa kucha, au ncha yake imekuwa bapa, imeanza kuliwa. Angalia kwa makini silinda za nyuma, hasa ya 6.

3. Sasa bomba la oili. Jaribu kulitikisa kwa vidole. Likicheza hata kidogo, umempata mchawi. Fungua boliti, toa bomba, lisafishe kwa petroli na upepo, na hakikisha kila kitundu kinapitisha. Rudisha kwa washa mpya, moja juu ya bomba na moja chini. Washa za zamani zimeshabapaka, hazishiki tena. Boliti yenye tundu ni dhaifu kuliko inavyoonekana, na ukiivuta kama ya kawaida inakatikia ndani ya hedi. Kaza kwa mkono mwepesi ukifuata kipimo cha kitabu cha gari. Wapo wanaotoboa vichwa vya boliti na kuvifunga kwa waya visirudi nyuma, na ni njia nzuri.

4. Kuseti kwenyewe. Mfuatano wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, na silinda ya 1 ndiyo ya mbele, upande wa rejeta. Zungusha kranki mpaka valvu za silinda ya 6 zipishane: ya kutoa inamalizia kufunga, ya kuingiza inaanza kufungua. Hapo valvu zote mbili za silinda ya 1 zimelegea, na hizo ndizo za kuseti. Ukimaliza, zungusha kranki theluthi moja ya mzunguko na uende hivi:

- 2 zikipishana, seti 5
- 4 zikipishana, seti 3
- 1 zikipishana, seti 6
- 5 zikipishana, seti 2
- 3 zikipishana, seti 4

Kranki itakuwa imezunguka mara mbili kamili ukirudi ulikoanzia.

5. Kwenye ncha ya kila rokaama, yaani mkono unaosukumwa na nundu ili ufungue valvu, kuna kigurudumu kidogo ambacho kitovu chake kimehama, kimeshikwa na nati ya 10. Legeza nati, ingiza ncha ya waya kwenye kitundu cha kigurudumu, weka fila geji kati ya kigurudumu na kichwa cha valvu, kisha vuta waya taratibu. Unatafuta ule mvutano wa fila geji kama kisu kinachopita kwenye siagi ngumu. Shikilia waya, kaza nati, halafu pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huburuta kigurudumu na nafasi hubadilika. Ukishindwa kupata katikati, afadhali ilegee kidogo kuliko ibane. Tapeti iliyolegea inapiga kelele tu. Iliyobana haiachi valvu ikae kwenye kiti chake, moto unapita pembeni, na valvu ya kutoa inaungua.

6. Kabla ya kufunga kofia, toa rilei ya pampu ya petroli na ukate umeme wa koili, kisha piga stata kwa sekunde chache. Oili itokee kwenye kila kitundu cha bomba. Jaribio hili halichukui dakika tano, usiliruke.

Maswali ya wenye magari haya

Swali: Gari langu ni otomatiki, siwezi kuzungusha kranki kwa kulisukuma likiwa kwenye gia. Nizungusheje?

Jibu: Tumia nati kubwa ya mbele ya kranki, kwa mwelekeo wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Ukipitiliza pale valvu zinapopishana usirudishe nyuma, kwa sababu cheni inalegea na unachokiona juu kinakuwa si sahihi. Endelea mizunguko miwili mpaka urudi hapo. Na usizungushe injini kwa boliti ya kamshafti.

Swali: Nimeseti mara mbili, fila geji inapita vizuri, bado inagonga.

Jibu: Angalia kichwa cha valvu. Kikichimbika kishimo, fila geji inalala juu ya kingo zake na nafasi halisi chini ni kubwa kuliko 0.30. Pia weka bisibisi ndefu kwenye injekta moja moja na sikio upande wa pili. Injekta za injini hii zina mlio wake wa kawaida, na wengi huudhania kuwa tapeti.

Swali: Nundu za silinda ya 6 zimeliwa. Nibadilishe kamshafti peke yake?

Jibu: Hapana. Rokaama za M30 zinasugua nundu moja kwa moja, hazina rola. Rokaama iliyochimbika itaila kamshafti mpya kwa muda mfupi. Badilisha na rokaama zilizoliwa, na bomba usisahau. Kwa kawaida hedi hushushwa kwa kazi hii, kwa hiyo ipimwe kama imepinda na ikaguliwe nyufa, hasa kama gari liliwahi kuchemsha. Hedi ya M30 haivumilii kuchemshwa.

Swali: Oili gani, na kiasi gani?

Jibu: Lita 5.75 pamoja na filta. Kwenye joto, 15W-40 au 20W-50 inafaa. Chagua yenye zinki ya kutosha, kwa sababu ya msuguano huo wa rokaama na nundu. Oili nyepesi sana za magari mapya si za injini hii.

Swali: Kofia ya tapeti inavuja tena wiki moja tu baada ya kufunga.

Jibu: Mara nyingi imekazwa kupita kiasi. Nm 10 zinatosha, ukianzia katikati kwenda pembeni. Futa oili yote kwenye nyuso mbili kabla ya kuweka gasketi, na usipake gundi kote. Ikiwa bado inavuja, weka rula iliyonyooka kwenye ukingo wa kofia. Iliyowahi kukazwa kwa nguvu huwa imepinda karibu na boliti.