Mchoshe pua mbwa mwenye nyonga mbovu

Wangu ni German Shepherd wa miezi 11, vichwa vya mifupa ya mapaja havikukaa vizuri kwenye vikombe (mashimo) vya nyonga, na kumzuia asirukeruke uani ilikuwa kazi. Siku hizi bakuli nimeliweka kando. Asubuhi napima chakula chake kikavu, kipimo kile kile bila kuongeza hata kiganja (akinenepa, nyonga ndizo zinazobeba), halafu nakitawanya kwenye nyasi fupi, eneo la kama mkeka mkubwa. Anatembea polepole, kichwa chini, pumzi za pua unazisikia kabisa, anaokota punje moja moja. Dakika 20 hivi, kisha anajilaza mwenyewe kivulini. Kunusa kunamchosha akili, na hakuna kuruka wala kukata kona ghafla kama anapokimbiza mpira, mambo yanayokiumiza kiungo kilicholegea.

Kwa ugali na dagaa usijaribu: unashika mchanga, na siafu watafika kabla yake. Mkiwa na mbwa wawili, mmoja mfungie kwanza, watagombana. Sakafu ya vigae nayo haifai, miguu ya nyuma inateleza na kutanuka. Mvua ikinyesha, mimi humkunjia punje ndani ya taulo kuukuu juu ya zulia. Matembezi ya kamba yabaki pale pale, maana misuli ya mapaja ndiyo inayoishikilia nyonga. Na akiamka anachechemea au anasita kuinuka, achana na mchezo siku hiyo, mpigie daktari wa mifugo.