Mkojo wa saa 24: jinsi ya kukusanya bila ndizi kuharibu majibu

Mara ya kwanza kipimo cha Mama kiliharibiwa na ndizi. Tuko Bukoba, Mama ni Mhaya, na kwake mlo usio na ndizi si mlo. Tulikabidhiwa chupa bila maelezo yoyote. Majibu yakaja juu sana, daktari akauliza, "Juzi na jana alikula nini?" Ikabidi turudie.

Kipimo kinaitwa 5-HIAA. Baadhi ya uvimbe wa nuroendokrini (unaotokana na seli zinazotengeneza homoni), hasa wa utumbo mwembamba ukishasambaa hadi kwenye ini, humwaga serotonini, kemikali ya mwili, nyingi kwenye damu. Mgonjwa huharisha, na uso humpanda joto ghafla. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mimi niligundua kwa kumgusa shavu. Miaka miwili tuliambiwa ni kukoma hedhi, halafu amiba. Mwili huvunja serotonini kuwa 5-HIAA, ikatoka kwenye mkojo. Sasa ndizi nayo ina serotonini yake, na maabara haiwezi kujua ipi ni ya ndizi na ipi ni ya uvimbe.

Kwa hiyo siku tatu kabla, na siku yenyewe ya kukusanya, acha ndizi za aina zote (rubisi pia, maana ni ndizi), parachichi, nanasi, bilinganya na nyanya. Nyanya ndiyo ilinitesa, kwa kuwa imo katika kila mchuzi. Nilimpikia sato kwa kitunguu, karoti na limau, akala na ugali. Maabara nyingine hukataza chai na kahawa, uliza. Mtajie daktari kila dawa anayotumia, hata panadol na dawa ya kikohozi, kwani baadhi huvuruga majibu. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako.

Siku ya kukusanya, mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa. Mama alikojoa saa moja kamili, nikaandika saa hiyo kwenye chupa. Kuanzia hapo hakuna tone la kupotea, mchana na usiku, mpaka saa moja ya kesho yake, na huo wa mwisho unaingia chupani. Ukipotea hata mmoja, sema ukweli, muanze upya.

Chini ya chupa huwa kuna asidi. Usiimwage, na mgonjwa asikojolee humo moja kwa moja. Tulitumia kikombe cha plastiki chenye mkono, nikamimina taratibu huku nimegeuza uso. Anayeharisha akojoe kwanza kwenye kikombe, ndipo aende haja kubwa. Chupa ikae kwenye friji, mbali na mwanga. Yetu niliizungushia kanga.

Muulize daktari kama mnaweza kupima kabla ya sindano ya oktreotidi (dawa inayozuia uvimbe kumwaga homoni), maana hushusha 5-HIAA. Lakini msicheleweshe tiba kwa ajili ya chupa. Sindano hiyo haitulizi dalili tu: utafiti wa PROMID wa Ujerumani, uliochapishwa 2009 kwa wagonjwa 85, ulionyesha kwamba uvimbe ulikaa miezi 14.3 kabla ya kuendelea kukua, dhidi ya miezi 6 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa.

Majibu ya pili ya Mama yalishuka, ila bado yalizidi kiwango. Sasa anachomwa kila wiki nne. Kikombe nimekiosha, nimekiandika jina lake, kiko juu ya kabati kinasubiri chupa ijayo.