Somo: Kumhudumia nyumbani mgonjwa wa siku za mwisho

Hili ni la wahudumu wanaokaa na mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, mara nyingi wa saratani, ambaye hospitali imebaki kumpa tiba shufaa tu, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso, si ya kumponya. Naanza na kinywa kwa sababu ndicho kinachosahaulika sana, na kikikauka kinamtesa mtu asiyeweza tena kulalamika.

1. Kinywa. Mlaze ubavu au mwinue kichwa kwa mto. Chemsha maji, yapoe, tia chumvi kidogo. Chovya kitambaa laini, kikamue mpaka kisidondoke, kisha futa fizi, ulimi na ndani ya mashavu. Usipitishe kidole katikati ya meno. Midomo ipake mafuta ya mgando. Rudia kila baada ya saa mbili, hata kama hajala kitu. Utando mweupe usiofutika mwonyeshe nesi. Huenda ni fangasi, na dawa ipo.

2. Kumgeuza. Muwe wawili, mmnyanyue kwa shuka iliyo chini yake. Msimburute, ngozi yake inachunika upesi. Kagua visigino, nyonga na mgongo chini ya kiuno.

3. Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali. Dozi anapanga daktari. Kazi yako ni saa na daftari. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, usingoje mpaka alie. Inafunga choo, kwa hiyo ulizia dawa ya kulainisha siku hiyohiyo. Ndugu wakihofia atakuwa teja, waambie bila kusita: dawa ya maumivu inayotolewa kwa kipimo cha daktari si uteja. Uganda tangu 2004 imewaruhusu hata manesi waliosomea tiba shufaa kuiandika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mkwe hali tangu juzi. Mawifi wanasema namuua kwa njaa. Nimlazimishe uji?

Hapana, dada. Mwili unaoelekea mwisho hauna tena hamu wala nguvu ya chakula, na uji wa kulazimisha unaweza kuingia mapafuni. Akiomba, mpe kijiko kimoja kimoja akiwa ameinuliwa. Hao mawifi wakabidhi kitambaa cha kinywa, wapokezane. Ndugu akipata la kufanya kwa mikono yake, ugomvi wa uji hupungua.

Anakoroma kama kifua kimejaa maji. Anakabwa?

Ni mate asiyoweza kumeza. Mlaze ubavu, usimwingize kitu kooni. Mara nyingi sauti ile inatuumiza sisi kuliko yeye, hivyo waeleze watoto mapema.

Mzee ni Mwislamu, mimi Mkristo. Saa ikifika nifanye nini?

Uliza familia leo, usingoje siku hiyo. Wengi hupenda aelekezwe kibla, na mmoja wao amtamkie shahada taratibu bila kumsumbua. Akishafariki mfumbe macho, mnyooshe viungo, mfunike. Kuosha waachie wenyewe.