Andika Usoga, si Busoga tu: kutafuta ukoo wa Uganda ukiwa ughaibuni

Ukiandika "Busoga", eneo la mashariki mwa Uganda, na jina la babu kwenye kisanduku cha kutafutia, unaweza kutoka mikono mitupu ilhali habari zipo. Wazungu wa kwanza kuandika kuhusu nchi hii walikuja na misafara ya watu wa pwani, wakaandika walivyosikia kwa Kiswahili: Usoga, Unyoro (yaani Bunyoro), Waganda. Hata Uganda ni Buganda iliyopita kinywani mwa Mswahili. Basi jaribu tahajia zote, Kagwa na Kaggwa, L na R. Na kumbuka, "Waganda" wa vitabu vile ni watu wa Buganda, si raia wote kama tunavyosema leo.

Ila kabla ya mtandao, piga simu nyumbani. Muulize shangazi ukoo, mwiko wa ukoo na walikozikwa wazee. Kwa Baganda, majina mengi ni mali ya ukoo mmoja, kwa hiyo jina tu laweza kukuambia kama uanzie ukoo wa Ngeye au wa Mamba. Chini ya ukoo kuna tawi liitwalo ssiga, kisha tawi dogo zaidi, mutuba. Ukivijua hivyo, umeukaribia mlango. Akiwepo mzee anayeweza kulanya, yaani kujitaja yeye, baba yake, babu yake na kuendelea kupanda, mrekodi wiki hii hii. Kipimo cha DNA kitakuambia tu unalolijua tayari, kwamba asili yako ni Afrika Mashariki. Ahsante sana.

Ukiwa na majina hayo, nenda kwenye Uganda Journal, jarida la Uganda Society lililoanza 1934. Matoleo mengi ya zamani yanasomwa bure katika maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Florida: koo, uhamaji, falme, vita. Waandishi wengi walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo soma ukijua nani anasema. Apolo Kagwa naye, aliyeandika juu ya wafalme na koo kwa Luganda, alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda.

Aliyeko Uingereza ana bahati. Orodha ya Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, hutafutwa bure mtandaoni; andika CO 536, namba ya barua za serikali kuhusu Uganda. Mara nyingi utaona kichwa cha faili tu, faili lenyewe ulifuate kwa treni.

Wanubi wa Bombo, wazao wa askari waliotoka Sudan, na yeyote mwenye babu aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), watazame orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Usikate tamaa jina lisipoonekana: mwaka 2021 tume inayoyatunza ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa Vita vya Kwanza, hasa wapagazi, hawakuandikwa kwa majina. Familia za Wahindi waliofukuzwa 1972 zina mkusanyo wao katika Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, Kanada, pamoja na masimulizi yao wenyewe.

Mwisho, picha. Watu wa mradi wa History in Progress Uganda wamekuwa wakiweka picha za zamani mtandaoni tangu 2011. Ukiona sura inayofanana na ya kwenu, irushe kwenye kundi la WhatsApp la familia, uulize tu, "Huyu nani?" Waache wazee wabishane. Wewe andika kila jina litakalotajwa, na nani kalitaja.