Kuchora bao la simu: anza na namba, mbao baadaye

Ukimwambia mtu unatengeneza bao la kuchezea kwenye simu, swali lake la kwanza ni kama ubao utafanana na wa mninga. Mimi nilianzia hukohuko. Wiki mbili nzima nachora nyuzi za mbao na vivuli vya mashimo. Ubao ukapendeza, ila haukuchezeka. Siku hizi nafuata utaratibu ufuatao, kwa bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64.

Hatua ya 1: Yape mashimo namba

Jicho linaona safu nne za mashimo manane manane. Ukiipa programu picha hiyohiyo, utahangaika: kete ikifika mwisho wa safu ya mbele iende wapi? Katika toleo langu la kwanza ilivuka ikaingia kwa mpinzani, kama mbuzi aliyekata kamba. Mchezaji wa bao hashughuliki na safu nne. Ana mzunguko wake wa mashimo 16, na mwenzake ana wake.

Basi kila mchezaji apate orodha moja yenye nafasi 16. Shimo 0 ni kichwa cha kushoto, safu ya mbele. 7 ni kichwa cha kulia. Shimo 8 liko nyuma ya 7, kisha unarudi mpaka 15, lililo nyuma ya 0. Kwenda mbele ni `(i + 1) % 16`, kurudi ni `(i + 15) % 16` (`%` ni baki baada ya kugawanya). Habari ya kona imekwisha.

Namba zihesabiwe kutoka alipokaa mwenye mashimo, kwa wote wawili. Ukifanya hivyo, shimo lako la mbele namba `i` linatazamana na `7 - i` la mwenzako. Andika mstari huo mapema, maana kula kote, yaani kuchukua kete za mpinzani, kunautegemea.

Hatua ya 2: Zungusha nusu ya pili, usiipindue

Hapa niliaibika. Nyumba, shimo maalumu la kila mchezaji, ni la nne kutoka kulia kwa mwenyewe, yaani namba 4. Nilichora nusu yangu, nikainakili, nikaipindua juu chini kama kivuli cha ngalawa majini. Nikampelekea mzee mmoja barazani. Hakugusa hata kete. Aliishika simu mbali na uso, akafinya macho, akasema, "Mwanangu, tangu lini nyumba zikatazamana?"

Kweli hazitazamani. Mkikaa uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako: namba 4 yako inatazamana na namba 3 yake, na nyumba zinapishana kwa shimo moja. Dawa ni kuizungusha nusu nzima digrii 180. Namba za hatua ya 1 huzigusi. Unarekebisha picha tu.

Hatua ya 3: Pima kwa kidole

Simu nyingi za Android zikisimama zina upana wa karibu dp 360 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa nukta za kioo). Gawa kwa mashimo manane, unapata 45 kabla hujaweka kingo, na Google wenyewe wanashauri eneo la kugusa lisipungue dp 48. Kwa hiyo laza simu. Sasa 360 ni kimo: safu nne za dp 64 zinakula 256, na 104 zilizobaki zinatosha kete za mkononi na vitufe. Shimo lichore kwa 56, lakini lipokee mguso kwa 64 zote. Vidole vya watu si kalamu.

Hatua ya 4: Nyumba na vichwa

Nyumba ichore mraba, kama ilivyochongwa kwenye ubao halisi. Ipe pia hali yake ya ndiyo au hapana, mbali na idadi ya kete. Nyumba ikishavunjwa ni shimo kama mengine, hata ikijaa tena, kwa hiyo usiitambue kwa kuhesabu kete tu. Mimi hufifisha ukingo wake inapovunjika. Ikiwa bado hai na kete ya mwisho ya mtaji (zamu ya kula) imeangukia humo bila cha kula mbele yake, wakati wa namua (hatua ya kwanza, ya kuingiza kete za mkononi), onyesha vitufe viwili: Lala (zamu iishie hapo) na Safiri (sambaza kete za nyumba uendelee).

Kete zilizoliwa huanza kusambazwa kichwani. Ukianza zamu kwa kula kwenye shimo 0 au 1 lazima uanzie kichwa cha kushoto. Kwenye 6 au 7, cha kulia. Ukila katikati, 2 hadi 5, unachagua mwenyewe. Usifungue kidirisha cha maswali hapo: washa vichwa vyote viwili, mchezaji aguse kimoja.

Hatua ya 5: Kete

Mpaka sita, zichore moja moja. Zikizidi, chora rundo na namba ndogo pembeni. Kila kete ikae ilipoangukia; nilipokuwa nazipanga upya kila zamu, shimo lilionekana kama sufuria inayochemka. Kusambaza nakuweka robo sekunde kwa kete, na mguso mmoja unaharakisha, kwa sababu mtaji mrefu unachosha kuutazama.

Hatua ya 6: Hesabu mpaka 64

Mwanzo wa mchezo, kila upande: nyumba ina kete 6, mashimo 5 na 6 yana mbilimbili, na 22 ziko mkononi. Jumla 32. Weka hesabu inayojumlisha mashimo yote, kete za mkononi na zile zinazosambazwa, kila kete moja inapoanguka. Isipokuwa 64, mchezo usimame palepale na uonyeshe shimo la mwisho. Kwangu ilisimama kwenye 65 jioni ya kwanza: nilipokula kichwani, kete ya kwanza ya kusambaza iliwekwa shimoni bila kupunguzwa kwenye fungu lililoliwa.