Snapshoti kabla ya kusasisha seva pepe

Kabla ya kusasisha programu kwenye seva pepe (seva inayoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi), piga snapshoti, yaani hifadhi hali yake ilivyo wakati huo, ili mambo yakiharibika urudi ulipokuwa kwa dakika chache. Lakini elewa kwanza kinachotokea diskini. Diski ya awali haiandikwi tena. Kila badiliko jipya huenda kwenye faili la pembeni. Kwenye VMware, programu ya kuendesha seva pepe, utaona jina linaloishia na -000001.vmdk, kwenye Hyper-V, ile ya Microsoft, ni .avhdx. Faili hilo hukua kadiri data inavyoandikwa, na laweza kufikia ukubwa wa diski nzima.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Hifadhi zinamokaa faili za diski hizi ikijaa, seva nyingine zilizo humo nazo zinaweza kusimama. Angalia nafasi iliyobaki. Ikiwa chini ya asilimia 20, ongeza kwanza.

Kama seva ina hifadhidata, simamisha huduma yake, piga snapshoti, sasisha, jaribu, kisha futa snapshoti siku hiyo hiyo au kesho yake. VMware yenyewe inashauri isizidi saa 72. Kufuta hakupotezi kazi yako: mabadiliko huunganishwa na diski ya awali. Faili likiwa kubwa, huchukua saa nyingi na diski hulemewa, hivyo fanya usiku.

Tafadhali usifute faili lile kwa mkono, maana mnyororo unaoliunganisha na diski ya awali utakatika na seva haitawaka. Tena, snapshoti si nakala rudufu: diski ya awali ikifa, mabadiliko peke yake hayafai kitu.