Matone ya glakoma yakianza kuchoma macho

Umetumia matone ya glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) miezi au miaka, sasa jicho ni jekundu, linachoma na ni kama limeingia mchanga. Usiache dawa. Presha ya jicho hupanda kimyakimya bila maumivu, na neva ya jicho ikishaharibika hairudi.

Soma boksi kwanza. Ukiona benzalkoni kloridi, huenda mchokozi ni huyo. Ni kihifadhi cha kuzuia vijidudu ndani ya chupa, na hutenda kama sabuni: huvuruga mafuta yanayofunika machozi, macho yakauke upesi, kisha huchubua konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kuua seli zinazotoa ute. Dozi hujumlika, kwa hiyo mwenye chupa tatu huumia kuliko mwenye moja.

Dawa zenyewe nazo zina tabia zake. Latanoprost hurefusha kope na kutia weusi ngozi inayozunguka jicho. Brimonidine huleta mzio, wakati mwingine baada ya miezi mingi ya kutumika bila shida. Timolol hupunguza hisia za konea, hivyo jicho laweza kuchubuka na mwenyewe asisikie sana; kutouma si ushahidi wa uzima.

Namna ya kutia: nawa mikono, vuta ukope wa chini upate kifuko, dondosha tone moja. La pili halina pa kukaa, litaishia shavuni. Fumba jicho taratibu bila kulikaza na ubonyeze kona ya karibu na pua dakika 2. Futa kilichomwagika mara moja, maana ndicho kinachoharibu ngozi ya kope. Kati ya dawa na dawa ngoja angalau dakika 5. Mwenye lenzi laini azivue kwanza, azirudishe baada ya dakika 15, kwa kuwa hufyonza kihifadhi.

Machozi ya bandia husaidia, lakini chagua yasiyo na kihifadhi, la sivyo unaongeza sabuni juu ya sabuni.

Kwa daktari, uliza mambo matatu: dawa ileile isiyo na kihifadhi, chupa moja yenye dawa mbili, au leza ya kupunguza presha. Vichupa vya kutumia mara moja hutupwa vikishafunguliwa, hata kikibaki kidogo.

Ukipata maumivu makali, usaha, au uoni kufifia ghafla, nenda siku hiyohiyo na chupa zako zote mkononi.